Spana Namba Kumi na Saini ya Mwisho ya Kanali Luciana Mughwai

Miaka thelathini na tano, miezi minne na siku kumi na moja. Ndivyo hesabu itakavyosomeka Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, wakati Luteni Kanali Luciana Mughwai atakapokabidhi vibati vyake vya shaba vya kuchukulia vifaa, vyenye namba saba, na kustaafu rasmi utumishi wa Jeshi la Anga. Sisi wa karakana tumeamua kumuaga leo Jumamosi kwa sababu Jumatatu atakuwa kazini, na akiwa kazini hakuna mwenye ubavu wa kumkatia keki.

Mimi ninayeandika ni Afisa Mteule Fabiano Chediel, msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja wa kutiwa kwenye ratiba ya sherehe. Nimezidisha, na Sajini Witness, katibu wa kamati ya kuaga, amenuna tangu jana. Atanisamehe. Ila nawaonya mapema: humu ndani mna kosa langu mwenyewe la Jumanne ya wiki hii, ambalo nusura liharibu kazi ya miaka thelathini na tano. Nimeona bora mlisikie kwangu kuliko kulisikia jikoni kwa wapishi, ambao tayari wameliongezea chumvi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kanali alizaliwa mwaka 1970 katika kijiji kilicho barabarani kati ya Ikungi na Mkiwa, mtoto wa tatu wa mzee Mughwai, mkulima wa uwele na alizeti aliyekuwa pia na mbuzi wa kutosha kumsumbua jirani. Mwenyewe hupenda kusema kwamba ufundi wa ndege alianza kufundishwa na bibi yake, ambaye hakuwahi kuiona ndege ikiwa imetua. Jioni mbuzi waliporudi, bibi alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama wakiingia. Hakuhesabu hata siku moja. Alitazama tu, kisha akamgeukia mjukuu wake na kumwambia kwamba yule mwenye doa jeupe shingoni hayupo, kamtafute. Na kweli alikuwa hayupo.

Hilo ndilo lililotutesa sisi baadaye. Mtu ukimwambia Kanali kwamba umehesabu bisibisi na zimetimia, alikuwa anakasirika. Alitaka umwambie ni ipi haipo. Watu wa hesabu, anasema, wanaweza kupata jibu sahihi huku wamehesabu kitu kimoja mara mbili.

Alijiunga na jeshi tarehe 19 Februari 1990, akatoka mafunzoni na kupelekwa kwenye karakana ya ndege katika kituo kimoja cha mbali na hapa. Wasichana walikuwa wawili. Mwenzake aliolewa akahamia kwingine, akabaki yeye na wanaume thelathini na moja, na ovaroli ndogo kuliko zote stoo ikiwa bado inamburuza miguuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaza nati kumi na sita za kifuniko kimoja kwa spana namba kumi. Aliikamata spana ile, anasimulia, kwa mikono miwili kama mtu anayechota maji. Fundi mkuu wa wakati huo alimcheka, kisha alipozikagua zile nati akaacha kucheka. Spana ile tuishike akilini, tutakutana nayo tena.

Mwaka 1992 lilitokea jambo ambalo yeye hulisimulia mara moja kwa mwaka, siku ya kupokea mafundi wapya, na halisimulii tena hadi mwaka ufuatao. Ndege ndogo iliruka asubuhi ikiwa na watu watano. Dakika chache angani, rubani akaona pedali ya mguu imegoma. Alipambana nayo, akageuza kwa shida, akatua upande upande, watu wote wakashuka wazima. Walipofungua mkiani wakakuta tochi imejibana kwenye waya wa usukani. Mwenye tochi alikuwa fundi mzoefu, mtu mpole kabisa. Alikuwa amejua tangu alfajiri kwamba tochi yake haionekani. Aliogopa kufokewa, akajipa moyo kwamba labda ameiacha nyumbani, akaitazama ndege ikiondoka.

Luciana, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alimkuta bwana yule amekaa nyuma ya stoo analia. Hakumlaumu. Alituambia kwamba pale ndipo alipoamua mambo mawili. La kwanza, akipata siku moja kuwa mkubwa, mtu atakayesema "ni mimi" hatafokewa. La pili, hakuna ndege atakayoitia saini itakayoondoka na kitu tumboni, na kila atakayoitia saini lazima irudi chini na watu wake. Kusahau ni kwa kila binadamu, husema, lakini kunyamaza huku unajua, huko ndiko kunakoua.

Ukubwa ulikuja kwa zamu yake. Alikuwa Koplo, akawa Sajini, akaenda kozi ya maofisa na kuvishwa cheo cha Luteni Usu mwaka 1997. Alisoma uhandisi wa ndege nje ya nchi kwa miaka mitatu, akarudi na cheti, koti zito la baridi na tabia ya kunywa chai bila sukari ambayo hatujamsamehe hadi leo. Mwaka 2001 aliletwa kwenye karakana yetu hii ndogo, nje kidogo ya mji wa Singida, akiwa Kapteni. Wenzake walimpa pole, wakidhani ametupwa porini. Yeye alifurahi, maana alikuwa amerudi nyumbani kwenye upepo wake na mawe yake. Mwaka 2013 akawa mkuu wa karakana, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho hapa petu.

Alipofika tu, alipaka rangi ubao. Walioitembelea karakana yetu wameuona: ubao mweupe unaochukua ukuta mzima, na kila kifaa kimechorewa kivuli chake kwa rangi nyekundu. Ukitundua spana, kivuli chekundu kinabaki kikikukodolea macho. Kila fundi ana vibati vitano vya shaba vyenye namba yake, na ukichukua kifaa sharti utundike kibati mahali pake ili ijulikane kipo kwa nani. Ubao wa namna hii upo kwingi duniani, hakuuvumbua yeye. Alichovumbua ni kusimama mbele yake kila jioni, mikono nyuma, akiutazama kama bibi yake mlangoni mwa zizi, na sisi wote tumepanga mstari nyuma yake tukiwa na njaa. Hakuna anayeondoka. Akiridhika hutamka maneno yale yale, kwa sauti ile ile, "Ubao umejaa. Nendeni nyumbani." Jamani, hakuna maneno matamu kama hayo mkoa huu mzima.

Na yeye hubaki. Katika miaka ishirini na minne aliyokaa hapa, sijawahi kumwona akitangulia mtu yeyote getini.

Ana pia daftari la jalada jeusi. Kila ndege aliyoiruhusu kuruka kwa saini yake ameiandika mstari mmoja, na mstari huo haufungwi mpaka ndege irudi hapa na kutua salama. Ikitua, anaweka alama ya vema. Kufikia Jumatatu iliyopita mistari ilikuwa elfu nne mia moja na kumi na saba, na alama za vema zilikuwa idadi hiyo hiyo. Ulibaki mstari mmoja tu kabla ya kustaafu, wa ndege tunayoiita Kumi na Nne, iliyotakiwa kuondoka Jumanne. Mstari huo ndio nilioutia mchanga.

Kabla sijafika huko, niseme alivyonilea. Mimi ni mtoto wa Itigi, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na Kanali amenitania miaka yote kwamba sisi wa stesheni tukiambiwa kitu kimechelewa tunatandika mkeka tunalala. Mwaka 2003 nilikuwa fundi kijana na nilipoteza kioo kidogo cha kukagulia sehemu zisizoonekana. Nilisimama mbele ya watu ishirini, nikasema ni mimi. Nilijua nalala mahabusu. Kapteni Mughwai, kama alivyokuwa wakati huo, alinishukuru. Akanipa kikombe chake cha chai na chapati yake, akavaa ovaroli, akaja tukatafute wote. Kioo kilikuwa kwenye beseni la oili chafu. Ile chapati ndiyo iliyonifanya nibaki jeshini, na simwambii uongo mtu yeyote aliyeko hapa leo.

Wapo wengi wa aina yangu. Amefundisha mafundi sitini na moja, kumi na tisa kati yao wasichana, na mmoja wa wasichana hao aliacha spana akaenda kusomea urubani, naye ni Kapteni Eliana, ambaye ndiye huirusha hiyo Kumi na Nne. Mume wa Kanali, Mwalimu Benson, anatuambia kwamba hata jikoni kwao ukutani kuna vivuli vyekundu vya mwiko, upawa na kisu cha nyama, na kwamba mgeni akiosha vyombo kwa wema wake na kuutundika upawa kwenye kivuli cha mwiko, mama hali hadi urekebishwe. Mwalimu anacheka akisimulia, lakini mimi nimefika kwake na nimeona anavyotundika kisu kwa makini.

Sasa Jumanne.

Kamati ya kuaga ilikuwa na watu watatu: mimi mwenyekiti, Sajini Witness katibu, na Koplo Gerald mtu wa kutumwa. Tulitafuta zawadi hadi tukachoka. Vitenge anavyo, saa anayo, mbuzi atampata kijijini. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Ile spana namba kumi ya kazi yake ya kwanza ilikuja hapa miaka mingi iliyopita pamoja na sanduku la vifaa kutoka kituo kile cha zamani, na hadi leo inatundikwa kwenye ubao wetu. Tuiombee kibali itolewe, tumpe, ikiwa imechongwa jina lake. Kibali nilikuwa nakifuatilia. Lakini fundi wa kuchonga vikombe na mihuri pale mjini, anaitwa Urbano, alitaka aione spana kwanza ili ajue chuma chake ni kigumu kiasi gani. Aliahidi kumaliza kwa saa moja.

Basi Jumatatu jioni ubao ulijaa, tukaambiwa twende nyumbani, na mimi mwenye ufunguo wa pili nikarudi, nikaitundua spana, nikampa Gerald aipeleke mjini. Na sikutundika kibati changu. Ningetundikaje? Kibati kingesema kwamba spana iko kwa Fabiano, na zawadi ingekuwa imeshajulikana. Nilipanga kuirudisha Jumanne kabla ya saa moja asubuhi, yeye asijue lolote. Fundi wa miaka ishirini na zaidi, niliyefundisha wengine umuhimu wa kibati, nikafanya hivyo kwa sababu ya mapenzi. Nadhani ni mafundi wa ndege tu wanaoweza kukosea namna hiyo.

Usiku Urbano akapigiwa simu ya msiba. Alfajiri akapanda basi la Nduguti kwenda kuzika, duka amelifunga kwa kufuli mbili, na spana ndani, mimi nikimngoja bure getini aniletee.

Saa moja kamili Kanali alisimama mbele ya ubao. Hakuchukua hata nukta tatu. Akauliza spana namba kumi iko wapi. Kivuli kilikuwa wazi, chekundu, hakina kibati. Watu wakatazamana. Ndege yenyewe ilikuwa imeshakaguliwa Jumatatu na ilisubiri saini yake tu. Ilitakiwa iondoke saa tatu, ikiwa na madaktari wawili na mashine ya kutunzia watoto njiti, kwenda hospitali moja ya kusini ambako watoto watatu walikuwa wanasubiri mashine hiyo. Na mnajua upepo wetu wa mwezi wa sita ukishaamka, ndege ndogo kama ile haitoki.

Kwa akili yake, na alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, kifaa kilichotoka usiku bila kibati kina maana moja: kuna mtu ameigusa ndege baada ya ukaguzi. Akaamuru Kumi na Nne ifunguliwe vifuniko vyote.

Ningesema pale pale, yangeisha. Sikusema. Gerald nilimkonyeza, akapanda bodaboda mbio mjini. Nikajiambia atarudi na spana baada ya robo saa, niitupie mahali ionekane, zawadi yetu ipone. Niseme ukweli mbele yenu wote: dakika kumi za kwanza nilikuwa naficha zawadi. Baada ya hapo nilikuwa najificha mwenyewe. Nilikuwa naona aibu. Msaidizi wa mkuu, mvi kichwani, aanze kusema "ni mimi" kama kijana wa mwaka wa kwanza?

Gerald akanipigia kuniambia habari za kufuli na msiba. Nikakata simu, nikageuka, nikamwona Kanali. Alikuwa amevaa ovaroli. Miaka hamsini na mitano, goti la kulia bovu tangu mwaka juzi, wiki yake ya mwisho kazini, na alikuwa amelala chali sakafuni chini ya mkia wa ndege na tochi mdomoni, anatafuta kitu ambacho mimi nilijua hakipo. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa waya wa usukani, ule ule wa hadithi ya mwaka 1992. Kapteni Eliana alikuwa amepiga magoti kando yake akimshikia kifuniko.

Nikaona yule bwana wa nyuma ya stoo ni mimi. Nilikuwa nimenyamaza dakika arobaini.

Nikasema ni mimi, afande. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikaeleza yote: zawadi, Urbano, kibati. Sajini Witness akafunika uso kwa kofia. Kanali alijivuta kutoka chini ya ndege taratibu, akakaa sakafuni, akaitoa tochi mdomoni. Nilisubiri anishushie Kinyaturu, maana akikasirika sana huhama lugha, na hata sisi tusiokijua huwa tunaelewa kila neno. Hakuhama lugha. Aliuliza kitu kimoja tu, spana iko wapi sasa hivi.

Nilidhani baada ya maelezo yangu atatia saini. Wapi! Alisema ananiamini, lakini maneno hayatundikwi ubaoni. Kumi na Nne haiendi popote hadi aione spana kwa macho yake. Daktari mmoja aliomba sana, akionyesha saa. Kanali alimjibu kwa upole kwamba wale watoto wanahitaji mashine iliyofika, haiwasaidii mashine iliyoondoka tu mapema.

Hapo ndipo karakana ilipofanya kazi ambayo sijawahi kuiona. Nusu ya mafundi walianza kurudisha vifuniko, wakikaguana wawili wawili. Witness akapata namba ya Urbano huko msibani Nduguti. Urbano akasema ufunguo wa akiba uko kwa mkewe, mama Leah, na mama Leah yuko shambani anavuna alizeti. Gerald akaenda shambani na bodaboda ile ile. Tunaambiwa mama Leah aliposikia neno "ndege ya watoto" hakungoja maelezo, aliacha mundu hapo hapo, akapanda bodaboda akiwa na majani kichwani, wakaenda kufungua duka. Saa tatu na dakika ishirini walipita getini, yeye ameishika spana juu kama mwenge, askari wa zamu akasahau hata kumwandikisha.

Spana ilikuwa imechongwa nusu. Urbano alikuwa ameanza kazi kabla ya simu ya msiba. Ilisomeka LUCIANA MU, na hapo ikakoma.

Kanali aliisoma. Akaigeuza, akaisoma tena. Tuliona midomo yake inacheza, na hatukujua kama ni kicheko au ni kitu kingine. Kisha akaenda ubaoni na kuitundika kwenye kivuli chake. Akarudi nyuma hatua mbili na kuutazama ubao wote, kushoto hadi kulia. Akatia saini ya elfu nne mia moja na kumi na nane.

Kumi na Nne iliondoka saa nne na dakika kumi. Upepo ulianza kuvuma saa tano kasoro, mkali hasa, mabati yakilia. Hatukufanya kazi yoyote ya maana asubuhi ile. Tulizungukazunguka karibu na ofisi yake tukijifanya tuna shida na faili. Saa saba na robo simu iliita, naye Kapteni Eliana akasema wametua salama na mashine imeshapelekwa wodini. Kelele zilizopigwa pale zilisikika hadi barabarani. Mimi nilikaa kwenye tairi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Koplo Gerald, ambaye ni Mwislamu, akamshukuru na yeye kwa namna yake, tukashikana mikono kama watu walionusurika ajalini.

Adhabu? Ilikuwepo. Kwenye karakana hii kila mtu anaijua sheria yake: akisema "ni mimi" ndani ya dakika tano anapewa chai, akichelewa anapiga deki hanga nzima, yaani banda lote la ndege. Sijawahi kusikia kwamba sheria hiyo haiwahusu Maofisa Wateule. Nilipiga deki Jumanne hiyo kuanzia mchana hadi jioni, na wakubwa wenzangu kutoka ofisi nyingine walipita mmoja mmoja kwa kisingizio cha kutafuta sahihi. Kanali aliweka kiti chake mlangoni akanywa chai yake isiyo na sukari akinionyesha pembe nilizoziruka. Nilipomaliza, alinyanyuka, akanipa kikombe cha pili na chapati. Ilikuwa chapati kama ile ya mwaka 2003, na naomba niishie hapo kuhusu chapati.

Zawadi ameikataa. Amesema spana ni ya ubao na ubao hauendi Ikungi. Tulipomwomba basi walau tumalizie jina, akasema atakayeongeza herufi moja atamwandikia ripoti hata akiwa mstaafu. Kwa hiyo itabaki ilivyo, na mafundi watakaokuja watauliza Luciana Mu ni nani. Tutawasimulia, mara moja kwa mwaka, siku ya kuwapokea. Nami nimejipangia kuisimulia mwenyewe, pamoja na sehemu ya dakika arobaini.

Juzi Alhamisi saa tisa alasiri Kumi na Nne ilirudi. Ilitua hapa kwetu, matairi yakagusa chini taratibu, Eliana akashuka na salamu za wauguzi: watoto wote watatu wanapumua vizuri. Kanali alifungua daftari jeusi kwenye bawa la ndege, akaweka alama ya vema ya elfu nne mia moja na kumi na nane, akalifunga. Nilikuwa karibu naye. Alishusha pumzi ndefu sana, ya mtu aliyeitunza tangu mwaka 1992, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mama wa umri wake tu, mwenye goti bovu, anayetaka kukaa.

Tunakushukuru, afande. Tunakushukuru kwa kila ndege uliyoizuia tukakununia, na kwa kila mmoja wetu uliyemwachia nafasi ya kusema ni yeye. Mwalimu Benson, tunakushukuru kwa kutuazima mke wako kuanzia alfajiri hadi jioni kwa miaka yote hii, na tunakurudishia akiwa mzima. Mama, Mungu akupe afya, goti lipone, alizeti zikubali, kuku wako wa Ikungi waingie bandani wote kila jioni. Sisi tutakuja kukusalimia, na tukifika kwako tutakupa shikamoo kama watoto, maana mambo ya "jambo afande" yatakuwa yameishia getini.

Jambo moja limebaki. Kwa miaka ishirini na minne umetuambia maneno yale matamu kila jioni, na wewe mwenyewe hakuna aliyewahi kukuambia. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa ukumbini, nimepita karakana. Nimesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, nikatazama kushoto hadi kulia. Nimetazama nani hayupo. Wote wapo, na spana namba kumi ipo.

Afande, ubao umejaa. Nenda nyumbani.